Kuupokea Mwili Bila Kuuhukumu

Jumamosi moja alasiri, katika darasa la watu wazima ambalo mimi na wenzangu wawili tunaliendesha katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, nilikuwa nikifundisha ngeli za majina. Nilikwisha kuimaliza ngeli ya M-WA, nikaingia katika KI-VI. Ubaoni niliandika kiti, kisu na kitabu. Kisha, ili kuonyesha kwamba ngeli hiyo ina majina ya watu pia, nikaongeza kipofu, kiziwi, kilema na kiwete. Kijana mmoja wa Kisomali, ambaye hutembea kwa magongo kwa kuwa mguu wake mmoja ulikatwa, akanyosha mkono. Alikuwa amejifunza Kiswahili kwa miezi michache tu. Akauliza: "Samahani, mwalimu. Kwa nini mimi niko pamoja na kiti?"

Darasa lilicheka, naye mwenyewe akacheka. Mimi nilijibu kama walimu wa sarufi tunavyozoea kujibu tunapobanwa. Nilisema kwamba kiambishi ki- kina kazi nyingi: huonyesha udogo, huonyesha namna, na huwataja watu wa kila aina, kwamba kijana, kinyozi, kipenzi na hata kiongozi wamo katika ngeli hiyo hiyo. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema kwa upole: "Lakini kijana atakua, mwalimu, na kiongozi alilitafuta jina lake. Mimi langu nilipewa." Saa ilikuwa imekwisha. Nilipanda teksi ya kurudi Mbarara, na njia nzima swali lile halikuniacha.

Makala haya ni jaribio la kumjibu kijana yule vizuri zaidi kuliko nilivyomjibu siku ile. Swali lake lilikuwa la sarufi, lakini ndani yake mna swali la maadili ambalo linamhusu kila mtu mwenye mwili: je, mtu aweza kuupokea mwili wake kama ulivyo, pasipo kuuhukumu? Na kama aweza, ni kwa njia gani? Rai yangu ni kwamba mwili huhukumiwa hasa pale unapotazamwa kama kitu kilichosimama mbele ya macho. Na kwamba njia ya kuupokea si kuutazama zaidi, wala kuusifu, bali ni kuusikia ukiwa katika mwendo.

Yafaa kwanza tuonyeshe kwamba jambo hili si dogo, maana wako watakaosema kwamba mwalimu amekosa la kuandika. Makazi ya Nakivale, yaliyo katika Wilaya ya Isingiro kusini-magharibi mwa Uganda, yalitambuliwa rasmi mwaka 1960, na miongoni mwa wakazi wake wa mwanzo walikuwa Wanyarwanda waliokimbia machafuko yaliyozuka kwao mwaka 1959. Zamani kabla ya hapo, wakati wa utawala wa Wabelgiji, wataalamu wa Kizungu walikuwa wamepita Rwanda wakipima vimo vya watu, mafuvu yao na pua zao. Na katika miaka ya 1930 watu wakapewa vitambulisho vilivyoandikwa kabila. Kimo kikawa ushahidi, na pua ikawa hati. Mwaka 1994, kwenye vizuizi vya barabarani, kitambulisho au sura ya mtu ilitosha kuamua nani apite na nani auawe. Mtu anayekaa Nakivale na kudhani kwamba kuhukumu mwili ni mchezo wa watoto wa shule, hajauliza majirani zake walifikaje pale.

Wala si wageni peke yao waliopima. Kusini ya Isingiro, ng'ambo ya mto Kagera, ndiko ulikokuwa ufalme wa Karagwe. Mwingereza John Hanning Speke alifika huko mwishoni mwa mwaka 1861, akapokewa na mfalme Rumanyika. Katika kitabu cha safari alichokichapisha mwaka 1863 anaeleza jinsi wanawake wa jamaa ya mfalme walivyonyweshwa maziwa kwa wingi hata wakanenepa mno wasiweze kusimama, kwa kuwa unene ndio uliohesabiwa kuwa uzuri. Anaeleza pia jinsi alivyomwendea shemeji mmoja wa mfalme na kumpima kwa utepe mkono, kifua na paja. Tazama basi hukumu mbili zilizokutana juu ya mwili mmoja. Hukumu ya nyumbani ilisema: huyu ni mzuri. Hukumu ya mgeni ilisema: huyu ni kioja. Zilipingana katika maneno, lakini zote mbili zilimtaka mwanamke yule akae pale pale atazamwe. Uzuri aliopewa ulimnyang'anya mwendo.

Nimeutaja mfano huu kwa kuwa siku hizi tunashauriwa mara kwa mara kwamba dawa ya kuuchukia mwili ni kuusifu: mtu asimame mbele ya kioo ajiambie kwamba yeye ni mzuri. Sisemi kwamba ushauri huo hauna faida yoyote. Nasema tu kwamba sifa nayo ni hukumu. Hakimu anayekuachilia huru leo ni hakimu yule yule aliyekaa katika kiti kile kile, na kesho anaweza kukufunga. Anayeishi kwa kusifiwa ngozi yake ataanza kuihofia siku itakapokunjana. Tukitaka kuupokea mwili, yatupasa tumwondoe hakimu, si kumhonga.

Nitasema sasa habari zangu mwenyewe, kwa kuwa si haki kuzungumzia miili ya wengine nikaificha wa kwangu. Nilipokuwa na umri wa miaka arobaini na mitatu bega langu la kulia liliganda. Asubuhi moja nilishindwa kuinua mkono kuandika ubaoni, na kwa mwalimu wa shule mkono wa kulia ni kama jembe kwa mkulima. Nililichukia bega lile. Nililisemesha kwa hasira kama mtu anavyomsemesha punda aliyegoma. Nilivaa koti hata wakati wa jua ili wanafunzi wasione jinsi mkono ulivyoning'inia, na nilipowaona walimu vijana wakirusha mpira kiwanjani nilijiona mzee aliyekwisha kazi. Maumivu yalikuwa ya bega, lakini aibu ilikuwa ya mwili mzima.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyenihudumia hapa Mbarara alinipa kazi moja iliyoonekana ya kitoto. Kila asubuhi nisimame karibu na ukuta, niweke vidole ukutani, nivipandishe polepole kama buibui mpaka pale bega litakaposema basi. Hapo nisimame, nivute pumzi mara tatu, kisha niteremke. "Usishindane nalo," alinionya. "Na usiweke alama ukutani ya kupima umefika wapi." Sharti hilo la mwisho ndilo lililonishinda kwa siku nyingi. Mimi ni mwalimu. Kupima ndiyo kazi yangu. Lakini bila ya alama sikuwa na namna ya kujua jambo lolote isipokuwa kwa kulisikiliza bega lenyewe. Majuma yalipopita nilitambua jambo ambalo sikulitarajia: nilikuwa nimeacha kulichukia. Halikuwa limepona bado. Lilikuwa tu limeacha kuwa adui, kwa kuwa sasa nililijua kwa karibu, na ni vigumu kumchukia yule ambaye unamsikiliza kila siku.

Hapa lugha yetu inatufundisha jambo. Mswahili husema anasikia baridi, anasikia njaa, anasikia maumivu, kama vile asemavyo anasikia sauti. Kitenzi kimoja kinatosha kwa sikio na kwa ngozi. Lakini akisema kwamba fulani anajiona, maana yake ni kwamba fulani ana majivuno. Sidai kwamba wazee walikaa wakapanga falsafa hii. Lugha haipangwi hivyo. Hata hivyo maneno hayo yanaonyesha tofauti iliyo ya kweli. Ajionaye amejitoa nje ya mwili wake, akasimama mahali pa watu wengine, akautazama kutoka huko. Ajisikiaye yumo ndani. Jicho hulinganisha, maana haliwezi kuona kirefu bila ya kukumbuka kifupi. Lakini maumivu ya goti langu siwezi kuyalinganisha na ya goti lako. Naweza kuyasikia tu, na kuyaheshimu.

Jambo la pili ni la kitenzi tusichokuwa nacho. Katika Kiswahili, tunapotaja kuwa na kitu hatutumii kitenzi cha kumiliki. Tunasema nina, yaani mimi na. Nina mwili maana yake, tukifuata maneno yenyewe, ni kwamba mimi niko pamoja na mwili. Wanafalsafa wa Ulaya wamebishana kwa karne nyingi kama mtu anao mwili kama alivyo na nyumba, au kama mtu ni mwili wenyewe. Mfaransa Maurice Merleau-Ponty, katika kitabu alichokitoa mwaka 1945, alikataa kabisa kwamba mwili wangu ni kitu kimoja miongoni mwa vitu. Kwake yeye, mwili ndio njia yenyewe ya mtu ya kuwa ulimwenguni. Sisi twaweza kuanzia hapa petu: mwili ni mwenzi wa safari. Mwenzi hamilikiwi, na wala hahukumiwi kila hatua. Akichelewa, anangojwa. Na ndiyo sababu nimependelea neno kupokea kuliko kukubali. Mtu anaweza kukubali kwa shingo upande. Lakini anayempokea mwenziwe mzigo njiani amenyosha mikono, amefanya tendo.

Baada ya hayo yote nilirudi Nakivale na wazo la kujaribu jambo dogo. Kabla ya somo, kwa muda wa dakika kumi, darasa zima tunafanya mwendo wa polepole. Anayeweza kusimama husimama, anayetaka kukaa hukaa. Tunakanyaga sakafu na kuisikia chini ya nyayo. Tunavuta pumzi na kuinua mikono polepole, tunaitoa pumzi na kuishusha. Tunageuza shingo huku na huku. Kisha tunatembea chumbani hatua chache, kila mtu kwa mwendo wake, bila ya kupiga foleni na bila ya hesabu ya moja-mbili. Masharti ni mawili tu: hakuna anayemsahihisha mwingine, na hakuna anayefanya asichotaka.

Sharti hilo la pili lilitokana na kisa. Siku ya kwanza nilisema tu, kwa sauti yangu ya darasani: "Simameni! Inueni mikono juu!" Mama mmoja, mwenyeji wa Isingiro, mtu mzima kuliko sisi sote, alikaa kimya na kuinamisha uso. Baadaye aliniambia: "Mwalimu, mimi Kiswahili nilikisikia mara ya kwanza kwa askari. Walisema maneno hayo hayo." Nilitahayari. Ni kweli kwamba katika Uganda Kiswahili kilikaa muda mrefu kambini, na kwa watu wengi wa umri wake, hasa walioiona miaka ya Idi Amin kati ya 1971 na 1979, kilikuja kama amri juu ya mwili: simama, lala chini, mikono juu. Sasa nasema: "Ukipenda, inua mkono." Neno hilo ukipenda ni dogo, lakini lugha ile ile iliyowahi kuuamrisha mwili inaweza, kwa neno hilo, kuuomba radhi.

Mzee mwingine aliniuliza kama hii si ibada ya Wahindi niliyoileta kwa mlango wa nyuma. Swali lake lilikuwa la haki, maana ni kweli kwamba mafunzo mengi ya namna hii yana asili yake katika yoga na katika desturi za Wabuddha. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, aliyachukua akawafundisha wagonjwa wenye maumivu ya kudumu, bila ya kuwataka wabadili dini. Lakini sikumjibu mzee kwa habari za Marekani. Nilimwuliza Mwislamu asiyeweza kusimama anasali vipi. Kijana wa magongo ndiye aliyejibu: asiyeweza kusimama husali ameketi, na asiyeweza kuketi husali amelala. Sala haiungoji mwili upone ndipo ipokelewe. Huuchukua ulivyo, ikaupa mwendo unaouweza. Mzee akasema: "Basi hilo nalijua." Nami nilitaka aone hilo tu, kwamba jambo tunalolifanya si geni kwake.

Na ngoma zetu je? Wanyankole wana ngoma yao ya ekitaguriro, ambamo mchezaji huinua mikono juu kama pembe ndefu za ng'ombe wa Ankole. Wanyarwanda nao wana mchezo wa wanawake ambamo mikono hupanda vivyo hivyo kwa heshima ya ng'ombe. Siku moja, tulipoinua mikono darasani, mama yule wa Isingiro na mama mmoja wa Kinyarwanda walitazamana wakatabasamu, kwa kuwa kila mmoja alidhani mwenziwe amemwiga. Mikono ile haikupandishwa ili kupendeza. Ilipandishwa ili mtu awe, kwa kitambo, kiumbe kingine anachokipenda. Hayati Okot p'Bitek, katika Song of Lawino aliyoitoa mwaka 1966, alimpa mke wa Kiacholi kazi ya kuitetea ngoma ya kwao mbele ya mume msomi aliyeiona aibu. Ugomvi wa wale wawili, nionavyo mimi, ulikuwa huu huu wa jicho na sikio: mume aliitazama ngoma kutoka nje, mke aliijua kutoka ndani.

Wataalamu nao wamepita katika njia iliyo karibu na hii. Nakivale yenyewe inajulikana kwa utafiti uliochapishwa mwaka 2008, ambao uliwahusu wakimbizi 277 wa Rwanda na Somalia waliokuwa wakisumbuliwa na kumbukumbu za vita. Wakimbizi wenzao, wasiokuwa madaktari, walifunzwa kuwasaidia kwa mazungumzo, hasa kwa kuwasimulisha maisha yao tangu utotoni. Na waliosaidiwa hivyo walipata nafuu kuliko wale waliofuatiliwa tu. Huo ulikuwa uponyaji wa maneno. Baadaye, katika makazi ya Rhino kaskazini mwa Uganda, wanawake wa Sudan Kusini walijaribu mafunzo ya Shirika la Afya Duniani ambayo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2020. Walikutana mara tano, makundi makubwa, wakisikiliza sauti iliyorekodiwa. Na miongoni mwa mambo waliyofundishwa ni kutulia kwa kurudi katika mwili: kukanyaga ardhi, kujinyosha taratibu, kuvuta pumzi, kutambua kilichopo bila ya kupigana nacho. Miezi mitatu baadaye dhiki yao ilikuwa imepungua kuliko ya wenzao. Sitaki kuyapa mazoezi ya darasa langu sifa ya utafiti huo. Nataka kuonyesha tu kwamba wazo lenyewe si ndoto ya mwalimu mmoja.

Yafaa sasa tuzikabili hoja za wapinzani, maana ziko, na baadhi yake ni nzito.

Hoja ya kwanza yasema kwamba anayeupokea mwili wake ulivyo hatautibu wala hatautunza. Jibu langu ni bega langu. Muda wote nilipolichukia nililifunika kwa koti. Nilipoanza kulisikia ndipo nilipolipeleka kwa mtaalamu kila juma bila ya kukosa. Mtu hamtunzi mtu anayemwonea aibu, humficha. Kupokea ndio mwanzo wa kutunza.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nayo niliisikia kwa mama wa Kikongo mwenye watoto wanne. Mgawo wa chakula kwa wakimbizi wa Uganda umepunguzwa zaidi ya mara moja tangu mwaka 2020. Mama yule aliniuliza: "Mwalimu, mwili wangu umekonda kwa sababu sili. Unataka niupokee namna gani?" Sikumjibu upesi, na hata leo siwezi kumjibu kwa maneno ya kupendeza. Lakini nasema hivi: kuupokea mwili si kuipokea dhuluma iliyoukondesha. Ni kinyume chake. Anayeuhukumu mwili wake uliokonda anajilaumu yeye. Anauona umekuwa mbaya, umekuwa dhaifu, umemwaibisha mbele ya majirani. Anayeupokea huipeleka lawama mahali inapostahili. Mwili ulioshinda na njaa ukalima, ukabeba maji, ukanyonyesha, haukukosa jambo lolote. Waliokosa ni wengine. Nilimwambia hivyo. Akanyamaza, kisha akasema kwamba angependa kukaa wakati wa mazoezi, apumzike. Na mpaka leo hukaa, na kukaa kwake tunakuhesabu kuwa ni zoezi.

Hoja ya tatu inahusu wale ambao miili yao iliingiliwa kwa nguvu au kuteswa. Kwao, kuambiwa warudi katika mwili ni kama kuambiwa warudi katika nyumba iliyochomwa moto wakiwamo ndani. Hapa nakiri kwamba mwendo wa polepole waweza kudhuru ukilazimishwa. Ndiyo sababu hatufungi macho isipokuwa kwa anayetaka, mlango huwa wazi, hakuna anayemgusa mwenziwe, na anayetoka nje haulizwi. Mtu kama huyo pengine ataupokea mwili wake kidole kimoja kimoja, kwa miaka, na pengine kwa msaada wa waliosomea kazi hiyo. Haifai tumharakishe. Pole pole ndio mwendo, na kwake yeye methali hii si mapambo ya insha.

Nimeahidi kumjibu kijana wa magongo. Jumamosi iliyofuata baada ya swali lake niliandika ubaoni sentensi mbili: Kiti kimefika. Kiwete amefika. Nikamwuliza ameona nini. Alizitazama kitambo, kisha akaweka kidole juu ya a-. Ndivyo ilivyo katika sarufi yetu: jina linaweza kumweka mtu pamoja na vitu, lakini mara aanzapo kutenda, kitenzi kinamrudisha katika ngeli ya watu. Kipofu anaimba. Kiziwi anacheka. Kiwete anakwenda. Anayetaka kumdharau mtu hadi mwisho humnyima hata hiyo a-, akasema kijitu kile kimekuja. Na kila Mswahili akisikia hivyo hujua kwamba tusi limekamilika. Jina ni la yule anayetazama. Kitenzi ni cha mwenyewe.

Hili ndilo jibu ambalo sikuwa nalo siku ile, na ndilo kiini cha makala haya. Mwili uliosimama mbele ya macho ya watu hupewa majina: mfupi, mnene, mweusi mno, kiwete, mzee. Majina hayo hatuwezi kuyazuia yote. Lakini mwili unaokwenda, unaopumua, unaoinua mkono kadiri uwezavyo na kujisikia unapouinua, umekwisha kuingia katika kitenzi, na huko mwenyewe ni mtu. Kwa sababu hiyo kuupokea mwili hakuwi kwa kuwaza peke yake. Huwa kwa kutenda, kila siku, kidogo kidogo, kama vile lugha inavyojifunzwa kwa kusemwa.

Wahenga walisema: hujafa hujaumbika. Kwa kawaida tunaitumia methali hii kuwaonya wanaowacheka wenye ulemavu, kwamba nao yaweza kuwapata. Onyo hilo ni la haki, lakini naona methali ina la zaidi. Inasema kwamba mwili wa aliye hai haujamaliza kuumbwa. Bega lililoganda, mguu uliokatwa, tumbo lililozaa, nywele zilizoanza mvi, zote ni kazi ambayo bado inaendelea. Na hakimu mwadilifu hatoi hukumu kesi ikiwa ingali katikati.

Walimu wenzangu, sisi ndio tunaowapa watoto majina ya miili kabla hawajayajua mengine. Tunawapanga mstarini kwa vimo. Tunanyamaza wanapobandikana majina ya utani. Tunawafundisha maneno kipofu na kiwete katika somo la ngeli, kama nilivyofanya mimi, pasipo kutazama nani ameketi mbele yetu. Siombi tuyafute maneno hayo katika kamusi, ingawa ni vema kusema mtu mwenye ulemavu pale tunapomtaja jirani. Naomba tufundishe ngeli hiyo pamoja na kitenzi chake, siku hiyo hiyo, katika ubao ule ule. Na kabla ya somo, kama dakika kumi zinapatikana, tuwape wanafunzi wetu nafasi ya kuinua mikono bila ya alama ukutani.

Kijana wangu amekwisha kuhamia daraja la pili. Juzi nilimkuta nje ya darasa akimfundisha mgeni mmoja kutoka Burundi maneno ya kuamkiana. Alipochoka kusimama aliweka magongo chini, akaketi kwenye kiti, akaendelea kufundisha. Mgeni alimwuliza jambo nisilolisikia. Yeye akaangalia kiti, akaniangalia mimi, akacheka, akasema: "Hiki kimekaa. Mimi nimekaa."